Mirija ya Chembe Hai na Hatari ya Zebaki



Katika vijiji vingi vya Geita, Kahama na Shinyanga watu hulima pamba, mahindi na mpunga. Hufuga ng'ombe na mbuzi. Wengi pia huchimba dhahabu. Wachimbaji wadogo hutumia zebaki ili kukamata dhahabu iliyomo katika mchanga.

Tumesikia mara nyingi kwamba zebaki ni sumu. Je, sumu hiyo hufanya nini ndani ya mwili? Kwa nini mtoto aliye tumboni huumia kuliko mama yake? Ili tujibu maswali haya, hatuna budi kujua kwanza jinsi mwili unavyojengwa.

Katika somo hili tutajifunza mambo matatu:
(a) Chembe hai ni nini, na hugawanyika namna gani.
(b) Jinsi zebaki inavyoharibu kazi hiyo.
(c) Jinsi ya kujikinga sisi na watoto wetu.

1. MWILI UMEJENGWA KWA CHEMBE HAI

Ukitazama nyumba ya matofali kwa mbali, unaona ukuta mmoja. Ukisogea karibu, unaona kwamba ukuta umejengwa kwa matofali mengi. Mwili nao uko hivyo. Umejengwa kwa vitu vidogo sana viitwavyo chembe hai. Wengine huziita seli. Mimea na wanyama pia wamejengwa kwa chembe hai.

Chembe hai haionekani kwa macho. Huonekana kwa darubini. Ukipanga chembe nyingi za mwili wa mtu katika mstari mmoja, utahitaji 50 hadi 100 ili upate urefu wa milimita 1.

Kila mtu alianza maisha tumboni akiwa chembe 1 tu. Chembe hiyo ikagawanyika, zikawa 2. Hizo 2 zikagawanyika, zikawa 4. Kisha 8, kisha 16. Chukua daftari lako uendelee na hesabu hii. Kama kila chembe inagawanyika, baada ya mara 10 utapata chembe 1,024. Baada ya mara 20 utapata zaidi ya 1,000,000.

Hata mtu mzima chembe zake huendelea kugawanyika. Ngozi iliyochubuka hurudi. Kidonda hupona. Damu mpya hutengenezwa. Lakini hakuna wakati ambapo kazi hii ni kubwa kama wakati mtoto yuko tumboni.

2. CHEMBE HAI INA KIUNZI

Mtu anapojenga nyumba ya udongo, husimamisha nguzo kwanza. Kisha hufunga fito kwa kamba. Hicho ndicho kiunzi. Bila kiunzi, udongo utaanguka.

Chembe hai nayo ina kiunzi. Lakini kiunzi chake si kama cha nyumba. Kiunzi cha nyumba kikishajengwa hukaa miaka mingi. Kiunzi cha chembe hujengwa, huvunjwa na kujengwa tena kwa muda wa dakika chache.

Katika kiunzi hicho kuna vitu viwili tunavyotaka kuvijua leo.

Cha kwanza ni mirija. Ni myembamba mno, na ndani ina uwazi. Ukiipanga mirija 40,000 ubavu kwa ubavu, utapata upana wa milimita 1 tu. Kila mrija umejengwa kwa vipande vidogo vya protini iitwayo tyubulini. Vipande hushikana kimoja na kingine, kama mtu anavyopanga matofali. Vikiongezwa mwishoni, mrija hurefuka. Vikitoka, mrija hufupika.

Cha pili ni nyuzi za akitini. Nyuzi hizi ni nyembamba kuliko mirija. Zikishirikiana na protini nyingine, huweza kuvuta na kukaza. Misuli ya mikono yetu hufanya kazi kwa nyuzi za namna hiyo hiyo.

3. CHEMBE HUGAWANYIKA NAMNA GANI?

Ndani ya chembe kuna maagizo ya kujenga mwili mzima. Maagizo hayo yamo katika vitu viitwavyo kromosomu. Chembe ya mtu ina kromosomu 46. Chembe inapogawanyika, kila chembe mpya lazima ipate zote 46, bila kupungua wala kuzidi.

Hapo ndipo mirija inapofanya kazi yake kubwa. Soma hatua hizi polepole.

Hatua ya kwanza. Chembe hunakili kila kromosomu, ili ziwe mbili mbili. Kila kromosomu na nakala yake hubaki zimeshikana, kama mapacha wawili walioshikana viuno.

Hatua ya pili. Kiunzi cha zamani huvunjwa. Mirija mipya hujengwa kutoka pande mbili za chembe. Hurefuka na kufupika, kama mtu anayepapasa kitu gizani. Ukikuta kromosomu, mrija huishika.

Hatua ya tatu. Kila pacha hushikwa na mirija ya upande wake. Sasa kuna kuvutana, kama watu wanaoshindana kuvuta kamba. Kwa kuwa nguvu ni sawa pande zote mbili, mapacha hujipanga katikati ya chembe.

Hatua ya nne. Chembe hungoja. Haiendelei mpaka kila kromosomu imeshikwa sawasawa. Zikishakuwa tayari, kile kinachowashikanisha mapacha hukatwa. Mirija hufupika, na kila pacha huvutwa upande wake.

Hatua ya tano. Nyuzi za akitini hujipanga kama mshipi katikati ya chembe. Mshipi huo hukazwa, kama tunavyokaza kamba kwenye mdomo wa gunia. Mwishowe chembe hukatika, zikawa mbili.

Katika chembe nyingi za mtu, kazi hii yote, kuanzia hatua ya pili hadi ya tano, huchukua kiasi cha saa 1.

Jaribio la darasani. Weka kitunguu juu ya kikombe cha maji, sehemu ya mizizi iguse maji. Baada ya siku chache utaona mizizi myeupe. Kila siku itakuwa imerefuka. Inarefuka kwa sababu karibu na ncha zake chembe zinagawanyika mchana na usiku, na chembe mpya zinakua. Huwezi kuiona mirija, lakini kazi yake unaiona.

4. DAWA ZINAZOZUIA MIRIJA

Je, kuna vitu vinavyoweza kuizuia mirija? Vipo, na vingine ni dawa.

Mfano wa kwanza ni albendazo, dawa ya minyoo wanayopewa watoto shuleni. Dawa hii hushika tyubulini ya mnyoo, mirija ya mnyoo ikashindwa kujengwa. Mnyoo hukosa chakula na kufa. Tyubulini ya mtu hushikwa kidogo tu, kwa hiyo mtoto hadhuriki. Hata hivyo, mama mwenye mimba ya miezi 3 ya kwanza hapewi dawa hiyo ya minyoo. Waganga hujihadhari na kitu chochote kinachogusa mirija wakati mtoto anaanza kuumbwa.

Mfano wa pili ni dawa ya saratani iitwayo vinkristini. Hutoka katika ua la Madagaska, ambalo watu hulipanda uani kama pambo. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Kampala, Uganda, aliandika habari za uvimbe wa taya unaowapata watoto. Uvimbe huo ni saratani. Chembe zake hugawanyika haraka mno. Kanda ya Ziwa Viktoria ni moja ya sehemu zenye ugonjwa huo, na watoto hupelekwa Hospitali ya Bugando, Mwanza. Vinkristini ni mojawapo ya dawa za kuutibu. Huzuia mirija, chembe za uvimbe zikashindwa kugawanyika. Lakini angalia: dawa hii hupimwa kwa uangalifu mkubwa hospitalini. Usichemshe ua hilo nyumbani na kunywa. Ni sumu.

Dawa hizi zina kipimo na zina mganga wa kuzisimamia. Zebaki inayoingia mwilini mwa mchimbaji haina kipimo wala msimamizi.

5. ZEBAKI HUFANYA NINI?

Zebaki ni metali iliyo majimaji. Ni nzito sana. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1, lakini lita 1 ya zebaki ina uzito wa kilo 13.6.

Zebaki hugeuka mvuke hata pasipo moto. Ikichomwa, mvuke huwa mwingi mno. Mvuke huo hauna rangi wala harufu. Mtu huuvuta bila kujua. Katika kila sehemu 10 za mvuke anaovuta, kiasi cha sehemu 8 hubaki mwilini. Damu huupeleka kwenye ubongo na figo. Kwa mama mjamzito, hupita katika kondo la nyuma na kumfikia mtoto.

Ndani ya mwili, zebaki hupenda sana kushikamana na salfa. Vipande vya tyubulini vina salfa katika sehemu zake kadhaa. Zebaki hushika hapo. Vipande vikishashikwa hivyo, haviwezi kuungana vizuri, na mirija iliyokwisha kujengwa huweza kuvunjika. Ni kama fundi aliyepakiwa fito zake mafuta. Anafunga kamba, kamba inateleza. Nyumba haisimami.

Chembe inayotaka kugawanyika hukwama njiani. Kromosomu hazivutwi. Chembe hungoja, na mara nyingine hufa. Mara nyingine huendelea ikiwa na hesabu isiyo sawa ya kromosomu.

Katika miaka ya 1960 mtaalamu wa Uswidi, Claes Ramel, alichunguza mizizi ya vitunguu iliyowekewa aina za zebaki zilizotumiwa kuhifadhi mbegu. Aliona kwamba hata kiasi kidogo sana kiliharibu mirija, na kromosomu zikashindwa kugawanywa. Kitunguu kilionyesha jambo ambalo macho hayawezi kuliona kwa mtu.

Ubongo wa mtoto aliye tumboni huumia zaidi. Kwanza, chembe zake nyingi zinagawanyika. Pili, chembe za ubongo zikishazaliwa lazima zisafiri hadi mahali pake, na safari hiyo pia huhitaji mirija.

Mtu mzima naye hasalimiki. Chembe za neva ni ndefu, na mirija ndiyo njia ya kupitishia mizigo ndani yake. Njia ikiharibika, neva hudhoofika. Mtu aliyevuta zebaki kwa muda mrefu huweza kutetemeka mikono, kusahau, kukosa usingizi, kukasirika ovyo na kuumwa figo. Kuharibu mirija si njia pekee ya zebaki kuumiza mwili, lakini ni mojawapo iliyo muhimu.

6. YALIYOTOKEA JAPANI NA IRAKI

Zebaki ikifika katika matope ya mito na maziwa, vijidudu huigeuza kuwa aina nyingine, methili zebaki. Aina hii huingia katika samaki, na ni hatari zaidi kwa mtoto aliye tumboni.

Huko Minamata, Japani, kiwanda kilimwaga baharini maji machafu yenye methili zebaki. Watu walikula samaki wa hapo. Ugonjwa wao ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Jambo lililowashangaza waganga ni hili: akina mama wengine walionekana wazima au walikuwa na dalili kidogo tu, lakini walizaa watoto wenye ulemavu mkubwa wa ubongo.

Huko Iraki, mwaka 1971 wakulima waligawiwa mbegu za ngano na shayiri zilizotiwa dawa ya methili zebaki. Zilikuwa za kupanda. Watu wengi walizisaga wakaoka mikate. Watu zaidi ya 6,000 walilazwa hospitalini, na 459 kati yao wakafa. Ubongo wa watoto wachanga waliofariki ulipochunguzwa, ilionekana kwamba chembe hazikufika mahali zilipopaswa kukaa.

Kwa hiyo tukumbuke pia: mbegu iliyotiwa dawa ni ya shambani, si ya chunguni.

7. HALI YA HUKU KWETU

Kati ya mwaka 2002 na 2007, Umoja wa Mataifa uliendesha mradi juu ya zebaki ya wachimbaji wadogo katika nchi 6. Tanzania ilikuwa mojawapo, na kazi ilifanyika Rwamagasa, Geita. Watu wa huko walipimwa. Wale waliokuwa wakichoma dhahabu walionekana kuwa na zebaki nyingi mwilini kuliko wengine.

Baadaye, kuanzia mwaka 2015, wataalamu wa chuo kikuu cha tiba cha Bugando, Mwanza, pamoja na wenzao wa Calgary, Kanada, waliwapima wajawazito zaidi ya 1,000 kaskazini mwa Tanzania. Waliokaa katika maeneo ya wachimbaji wadogo walikuwa na zebaki nyingi kuliko wa maeneo mengine. Arseniki, sumu nyingine itokayo katika mawe, nayo ilikuwa nyingi zaidi. Kadiri sumu hizi zilivyozidi, ndivyo mimba kuharibika na watoto kuzaliwa kabla ya wakati kulivyoonekana zaidi. Watoto walipofikia miezi 6 hadi 12, waliotoka kwa mama wenye zebaki nyingi zaidi walielekea kuchelewa katika mambo yanayotegemea ubongo.

Mwaka 2013 mataifa yalitia saini mkataba wa kupunguza matumizi ya zebaki. Uliitwa Mkataba wa Minamata, kwa kumbukumbu ya mji ule wa Japani. Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

8. TUFANYE NINI?

Twajua kwamba kazi ya dhahabu inalisha nyumba nyingi. Kumwambia mama aache kazi bila kumwonyesha njia nyingine hakumsaidii. Yafuatayo yanawezekana kama tukisaidiana.

Kwanza, tusichome dhahabu nyumbani. Tusichome jikoni, chumbani wala dukani. Mvuke hunasa katika kuta, dari, matandiko na nguo, kisha hutoka kidogo kidogo kwa siku nyingi.

Pili, wajawazito, mama wanaonyonyesha na watoto wasishike zebaki wala wasikae panapochomwa. Katika kikundi, mama akiwa mjamzito apewe kazi isiyogusa zebaki wala vumbi la mawe, na asipunguziwe fungu lake. Anayenyonyesha asimwachishe mtoto ziwa kwa hofu. Aondoke kwenye zebaki, na apate ushauri zahanati.

Tatu, tutumie ritoti. Hiki ni chombo cha chuma kilichofungwa, chenye bomba. Zebaki ikichomwa ndani yake, mvuke hupita bombani, hupoa na kurudi kuwa zebaki. Sehemu kubwa ya zebaki huokolewa, na huweza kutumika tena. Fedha ya kununua nyingine hubaki mfukoni. Kama mtu mmoja hawezi kununua ritoti, kikundi kinaweza. Hata kwa ritoti, choma nje, mbali na nyumba, na ukae upande upepo unakotoka. Kitambaa cha kufunika pua hakizuii mvuke wa zebaki.

Nne, zebaki isimwagwe ndani ya karasha wala juu ya mchanga wote. Oshea mchanga kwenye mwalo kwanza, ubaki ule wenye dhahabu. Kiasi kidogo cha zebaki kitatosha. Marudio yenye zebaki yasitupwe mtoni wala kisimani.

Tano, weka zebaki katika chombo imara kilichofungwa, mbali na watoto. Usiiweke katika chupa ya soda. Karai la kuoshea dhahabu lisitumiwe kufulia, kuogeshea mtoto wala kuwekea chakula.

Sita, badili nguo za kazi na unawe kabla ya kuingia nyumbani.

Wengine husema kwamba ukinywa maziwa, zebaki itatoka. Maziwa ni chakula kizuri, lakini hayaondoi zebaki mwilini. Ukiona dalili tulizozitaja, nenda zahanati. Mweleze mganga wazi kwamba unafanya kazi ya zebaki.

Mama mjamzito naye aseme hivyo hivyo siku ya kwanza ya kliniki. Asingoje kuumwa. Tumeona Minamata kwamba mama anaweza kujiona mzima huku mtoto anaumia.

MANENO YA KUKUMBUKA

Chembe hai: kitu kidogo kabisa chenye uhai kinachojenga mwili.
Kiunzi: nguzo na fito zinazoshikilia nyumba, katika chembe, ni mirija na nyuzi.
Tyubulini: protini inayojenga mirija.
Kromosomu: vitu vyenye maagizo ya kujenga mwili.
Kondo la nyuma: sehemu inayompitishia mtoto chakula kutoka kwa mama.
Marudio: mchanga unaobaki baada ya dhahabu kutolewa.
Ritoti: chombo cha kuchomea dhahabu kinachorudisha zebaki.

MASWALI

1. Chembe ya mtu ina kromosomu ngapi?
2. Eleza kwa maneno yako kazi ya mirija wakati chembe inagawanyika.
3. Nyuzi za akitini hufanya nini katika hatua ya tano?
4. Kwa nini zebaki humdhuru mtoto aliye tumboni kuliko mtu mzima?
5. Chembe 1 ikigawanyika mara 6, na zote zikiendelea kugawanyika, zitakuwa ngapi?

ZUNGUMZENI DARASANI

Katika kijiji chenu dhahabu huchomwa wapi? Ni nani wanaokaa karibu? Je, mnaweza kuchagua mahali pamoja pa kuchomea, mbali na nyumba, shule na visima? Kikundi kikitaka kununua ritoti moja, kila mtu atoe kiasi gani? Andikeni mliyokubaliana, na mmoja wenu awasomee wengine kwa sauti.